Tone Lililoelea

Kibanda cha mlinzi wa kivuko cha reli kilikuwa chembamba mno. Watu wawili wakiingia, lazima mmoja atoke ndipo mwingine ageuke. Inspekta aliingia peke yake, akavuta mlango, akasimama katikati bila kugusa kitu. Nje mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na askari mwenye bendera nyekundu alisimama barabarani akifanya kazi ambayo kibanda kile kilijengewa.

Kituoni walimwita Kobe. Alijua, na hakujali. Walimpa jina hilo kwa sababu hawakuwahi kumwona akikimbia, hata siku ile jiko la mkahawa wa polisi liliposhika moto na Mkuu mwenyewe akaruka dirisha.

Kesi yenyewe, kwa maneno ya Mkuu, haikuwa na kona. Wiki iliyopita, asubuhi, treni ya mizigo ilipita kivukoni kizuizi kikiwa juu. Mama mmoja aliyekuwa akisambaza maziwa kwa baiskeli ya magurudumu matatu alikuwa katikati ya reli. Hakupona. Mlinzi wa kivuko, mtu wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Geti, alikutwa kibandani amelala kifudifudi. Askari wa kwanza kufika alimpandisha mikono ya shati ili atafute mapigo ya moyo, akaona makovu ya sindano. Haikufika adhuhuri, mji wote ukawa unajua kwamba Geti ni teja.

"Kajidunga unga, kalala, mama wa watu kafa," Mkuu alikuwa amesema asubuhi hii, akilisukuma faili juu ya meza. "Andika, tufunge. Mume wa marehemu anakuja hapa kila siku na mimi sina la kumwambia."

Inspekta aliitazama simu ya ukutani. Mkono wa simu ulikuwa umerudishwa mahali pake. Mkuu wa stesheni ya reli alikuwa ameeleza vizuri: alipiga simu kama kawaida kuarifu kwamba treni inakuja, Geti akapokea bila kuchelewa, akasema, "Nimeipata, nafunga," kwa sauti yake ya kila siku. Kiti kilikuwa kimeanguka kuelekea mlangoni. Gurudumu la kushushia kizuizi lilikuwa upande wa dirisha. Kwenye kona ya meza, iliyokuwa katikati ya simu na gurudumu, kulikuwa na alama ya damu iliyokauka na unywele mmoja.

Alikisimamisha kiti, akakaa. Akainuka, akajifanya anapokea simu, akairudisha, akageukia gurudumu. Paji la uso wake likaja sawasawa juu ya kona ile.

Mtu aliyelala kwa unga hapokei simu. Na akiipokea, hairudishi ukutani kwa adabu namna ile. Geti alikuwa njiani kwenda kufunga.

Aliifungua chupa ya chai iliyokuwa chini ya meza, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Maji matupu.

"Hiyo ilikuwa barafu," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, jina lake la mtaani Kofia, kwa ajili ya kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka.

"Afande, mimi simsemi mtu vibaya," alianza, na Inspekta akajua kuna mtu anakaribia kusemwa vibaya. "Lakini Geti hakuwa sawa. Miezi hii ya karibuni hatulii. Akikaa, miguu inacheza. Anaisugua, anainuka, anakaa tena. Anasema kuna kitu kinamtambaa ndani, kama wadudu. Halafu hiyo barafu. Anatafuna kutwa, kwachu, kwachu, mpaka meno yananiuma mimi. Na kupanda tuta hili dogo anahema kama kabeba gunia. Watu wa hivyo tunawajua."

"Uliwahi kumwona anajidunga?"

"Kwa macho yangu, hapana."

"Akiwa na sindano?"

"Hapana. Lakini makovu si mmeyaona wenyewe?"

"Siku ile kabla ya ajali, mlizungumza nini?"

Kofia aliangalia mvua. "Tulisalimiana tu, tukapokezana."

Alijibu haraka, kisha akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Inspekta aliliweka jibu lile kando. Hakulitupa.

*

Mahabusu kulinuka dawa ya kusafishia choo. Geti alikaa kwenye benchi la saruji, bandeji kichwani, akisugua mapaja yake polepole kama mtu anayefukuza baridi. Alikuwa mrefu, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu yaliyopoa. Hakulalamika chochote. Alipomwona Inspekta alijaribu kusimama, akashika ukuta.

"Kaa tu, bwana."

"Asante, afande."

"Ulijidunga unga?"

"Sikujidunga, afande."

"Nani alikudunga?"

Geti aligeuza uso ukutani. Inspekta alingoja. Alikuwa na kipaji hicho cha kungoja, na wahalifu wengi walikuwa wamemwaga siri zao kwa kuchoshwa na ukimya wake. Huyu hakuchoka. Mtu ambaye hakuguswa na sindano angeshangaa swali lile. Huyu alilielewa, na akaamua kulibeba peke yake.

"Naomba barafu kidogo, kama ipo," Geti alisema hatimaye.

"Ya kichwa?"

"Ya kutafuna."

Alipompa mkono wa kumuaga, Inspekta aliuona ule mkono. Kucha zilikuwa nyembamba, zimebonyea katikati kama vijiko vidogo. Tone la maji lingekaa humo lisimwagike.

*

Daktari wa polisi alikuwa na kipara na tabia ya kuzungumza na karatasi zake badala ya watu.

"Mkojo safi, damu safi. Hakuna unga, hakuna bangi, hakuna hata bia."

"Mkuu hatapenda."

"Mkuu aje akojoe mwenyewe." Daktari aligeuza ukurasa. "Na hayo makovu mnayoyapigia kelele, nani aliyaangalia? Mateja wanatumia sindano nyembamba, na wanajichoma popote mshipa unapojitokeza, shingoni, hata katikati ya vidole vya miguu. Huyu kachomwa mahali pamoja tu, kwenye kiwiko upande wa ndani, tena na sindano nene. Kachomwa na mtu anayejua kazi. Mkono wa kushoto ni makovu ya miaka. Wa kulia ni moja tu, na bado lina wekundu. Halijamaliza wiki mbili."

"Mbona hana rangi?"

"Hana damu. Nilimvuta kope la chini, ndani ni peupe kama karatasi hii. Anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, anaweza kuwa na minyoo. Sijui imekwenda wapi."

"Daktari, ukitaka kumtoa mtu damu, si ile ya kupima, nasema damu nyingi, ya kumwekea mtu mwingine. Unatumia sindano gani?"

Kwa mara ya kwanza daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Hiyo hiyo," alisema. Kisha akajipiga kipara kwa kiganja. "Kutafuna barafu. Miguu inayocheza. Kucha za vijiko. Lo! Huyu mtu kaishiwa madini ya chuma mwilini, na sisi tumemfungia kama mwizi."

*

Benki ya damu ilikuwa nyuma ya soko, chumba kirefu chenye vitanda vinne na meza ya biskuti. Vitanda vitatu vilikuwa vitupu. Nesi mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti laini, ambaye wachangiaji walimwita Mama Sindano, naye aliposikia kilichomleta mgeni wake aliiacha kalamu ikabingirika mpaka sakafuni.

"Geti? Teja? Nani kasema?"

"Mji mzima."

"Mji mzima una damu yake mwilini! Huyu anakuja hapa tangu mimi nina kiuno. Hajawahi kukosa. Tukimpigia simu anakuja, tusipompigia anakuja mwenyewe kutuuliza kama tumemsahau." Mama Sindano alipangusa jicho kwa kiganja. "Alikuwa akituchekesha. Anasema, 'Kule kivukoni mimi nina damu ya kunguni. Nikishusha kizuizi kila dereva ananitukana, nikipandisha wananitukana kwa kuchelewa. Huku mnaigombania damu hiyo hiyo.' Akishalala pale kitandani, anafumba macho, anatabasamu. Nadhani hapakuwa na mahali pengine anapoambiwa asante."

"Aliendelea kutoa hata alipokuwa hivi?"

Mama Sindano alichukua kichupa chenye maji ya buluu, akaomba kidole cha Inspekta, akakichoma, akadondosha tone. Tone jekundu lilishuka moja kwa moja mpaka chini.

"Hivi ndivyo tunavyopima. Likizama, damu ina uzito wa kutosha. Likielea, unarudi nyumbani. La Geti lilizama miaka yote, na sisi tukalifurahia. Lakini kichupa hiki hakioni ghala." Alijigusa kifuani. "Maji ya damu yanarudi baada ya siku chache. Chembe nyekundu zinarudi baada ya wiki kadhaa. Chuma ndicho kinachochelewa, miezi na miezi, maana kila chupa inaondoka na chuma chake. Anayekuja kila tunapomruhusu hapati nafasi ya kukirudisha. Mwili unakopa ghalani kimyakimya, tone linaendelea kuzama, mpaka siku ghala linapokuwa tupu."

"Hamkumpa dawa?"

"Vidonge vya kuongeza chuma tunawapa wajawazito," Mama Sindano alisema, akiitazama meza iliyokuwa pembeni. "Wachangiaji tunawapa biskuti."

Mvua ilizidi juu ya bati.

"Mwezi uliopita tone lake lilielea," Mama Sindano aliendelea. "Lilielea kama jani. Nikamkatalia. Nikamwambia apumzike nusu mwaka, ale maini, ale mboga za kijani. Aliniomba kama mtoto. Anasema shemeji yake, mke wa kaka yake mwenye bucha, anakwenda kupasuliwa uvimbe, na hospitali wanataka ndugu watoe damu kwanza. Nikamwambia, basi kaka yako si ana mikono miwili?"

"Mlikuwa mnamtoa mkono gani?"

"Wa kushoto siku zote. Wa kulia hatujawahi kuugusa."

*

Bucha ya kaka mtu ilikuwa safi, vigae vyeupe mpaka juu, na watu watatu kwenye foleni. Mwenye bucha alikuwa Geti yule yule aliyelishwa vizuri: urefu ule ule, pua ile ile, lakini mashavu mekundu na mabega ya kubeba ng'ombe. Alikuwa amekunja mikono ya shati juu ya viwiko. Sinia la maini, meusi na yenye kung'aa, lilikuwa mbele yake.

Wateja walipomwona afande waliagiza haraka, wakaondoka.

"Nimekuja kwa habari ya mdogo wako."

"Afande, mimi sijui alianza lini hayo mambo," kaka mtu alisema, akifuta kisu ambacho tayari kilikuwa kisafi. "Yametuvunja. Mama yetu angekuwa hai..."

"Shemeji yake anaendeleaje? Nasikia alipasuliwa."

Kabla hajajibu, pazia la nyuma lilifunguka. Mwanamke mwembamba aliyejitanda khanga alitoka akitembea polepole, mkono tumboni, uso umejaa furaha ya mtu aliyerudishiwa maisha.

"Naendelea vizuri, afande, karibu. Walinitoa uvimbe mkubwa kama nazi. Lakini damu ya mume wangu ilinisubiri." Alimshika mumewe begani. "Miaka ishirini na sita ya ndoa, naye hajawahi hata kuniambia maneno matamu. Kumbe alikuwa anayatunza kwenye mshipa. Mpaka sasa najisikia nina nguvu za kuchinja mwenyewe."

Kaka mtu alicheka kidogo, kicheko kilichofia njiani.

Inspekta aliitazama ile mikono iliyokuwa wazi mbele yake. Upande wa ndani wa kiwiko cha kushoto ulikuwa laini. Na wa kulia ulikuwa laini vile vile. Hapakuwa na doa, wala kovu, wala wekundu.

"Nionyeshe chumba chako cha baridi," alisema.

Walisimama katikati ya nyama zilizoning'inia, mvuke ukiwatoka midomoni.

"Walikuchoma wapi?"

Kaka mtu alianza kushusha mikono ya shati.

"Nimetoka benki ya damu. Nimetoka kwa daktari. Mdogo wako ana tundu moja bichi kwenye mkono wa kulia na hataki kusema nani alimdunga. Wewe unasema ulitoa damu, na mikono yako ni kama ya mtoto mchanga. Sasa niambie wewe, maana yeye anaelekea gerezani na mdomo wake umefungwa."

Yule mtu mkubwa aliegemea ukuta wa barafu kana kwamba haukuwa na baridi.

"Mimi nachinja kila alfajiri, afande. Damu hainisumbui. Ni sindano. Tangu utotoni. Nilifika mpaka kwenye mlango wa kile chumba cha hospitali, nikaiona, na kitu kilichofuata nimekaa sakafuni kwenye korido, wanawake wananipepea. Mdogo wangu alikuja kunisindikiza tu. Akanichomoa kitambulisho mfukoni. Akasema, 'Kaka, pumzika, hii ni kazi yangu.' Tunafanana. Hakuna aliyeuliza."

"Na tone lake?"

"Alinisimulia mwenyewe, anacheka. Anasema lilikaa katikati, halijui liende juu au chini. Mhudumu alikuwa na foleni mpaka nje. Akasema, 'Linazama hilo,' akaendelea."

"Kesho yake ikatokea ajali."

"Ndiyo."

"Ukasikia wanamwita teja."

"Nilisikia."

"Ukaendelea kukata maini."

Kaka mtu alifunika uso kwa viganja. "Nilikuja kituoni, afande, siku ile ile. Nikafika mlangoni."

"Mlangoni," Inspekta alirudia.

"Mke wangu alipozinduka, neno la kwanza alilosema ni asante. Hajawahi kunitazama vile. Nikashindwa kumwambia. Na mdogo wangu aliniapia kwamba hatasema kamwe, itakuwa yetu wawili. Nilijua ataishika ahadi yake. Hapo ndipo nilipomkosea. Nilijua."

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi nusu. Mkewe alikuwa amesimama hapo, khanga imemteleza begani, na hakukuwa na haja ya kumuuliza amesikia kiasi gani. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana:

"Vua aproni. Vaa shati la maana. Shemeji yangu yuko ndani kwa ajili yangu, na wewe unapanga nyama."

*

Mkuu alisoma maelezo ya mwenye bucha mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo tumwachie?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Hospitali walimwambia apumzike siku mbili. Akaja kazini kesho yake. Hilo atalijibu mahakamani. Kaka yake atajibu la kitambulisho, na hospitali watajibu la tone. Lakini la unga hatalijibu mtu, kwa sababu halikuwepo. Na leo alale hospitalini, asilale kwenye saruji."

Alishuka mahabusu mwenyewe na ufunguo. Geti aliposikia habari, swali lake la kwanza halikuwa la kesi.

"Shemeji anajua?"

"Anajua. Yuko mapokezi na bakuli la maini. Kasema hatoki mpaka ule mbele yake."

Geti aliinamisha kichwa. Alipokuwa tayari, alieleza, na Inspekta akaandika.

"Nilimwomba Kofia anishikie zamu ile. Akaniambia haoni damu yangu inamhusu nini. Simwekei kinyongo, ana watoto wake. Nikasema nitakaa tu kwenye kiti, nitainuka treni zikija. Asubuhi ile nilitafuna barafu yote. Simu ikalia, nikapokea, nikairudisha, nikageuka. Giza likaanzia pembeni, kama mtu anavuta mapazia."

"Baada ya hapo hukumbuki."

"Nakumbuka, afande." Alitazama mikono yake. "Hilo ndilo wanalokosea wanaosema nililala. Nilizinduka kabla haijafika. Shavu liko sakafuni, gurudumu naliona pale juu, na mkono hautaki kwenda. Nauambia nenda, hauendi. Naisikia treni. Na yeye namsikia, anapiga kengele ya baiskeli. Nadhani aliona kizuizi kiko juu akajua mimi nipo. Siku zote kikiwa juu, anajua nipo."

Inspekta aliacha kuandika. Kisha akaandika na hilo.

*

Mume wa marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa uwanja wa nyuma wenye paa la bati na mageti yaliyokamilika nusu. Ni yeye aliyemtengenezea mkewe ile baiskeli ya magurudumu matatu. Mtaa ulikuwa umemwambia Inspekta hivyo kabla hajafika. Alimkuta ameketi, hana kazi mkononi. Alimpa afande ndoo iliyopinduliwa akae, naye akabaki kwenye kigoda.

"Amekiri, yule teja?"

"Si teja, bwana."

Alimweleza. Hakuharakisha, na hakuruka kitu. Alimweleza benki ya damu, sindano, kichupa cha buluu, mtu aliyekuwa akigawa mwili wake kidogo kidogo kwa miaka mpaka mwili ukakosa cha kumwinua. Alimweleza habari za bucha. Fundi alisikiliza kichwa kikiwa chini, akiviringisha kipande cha waya kidoleni.

"Hakuwa amelewa."

"Hakuwa."

"Hakuwa amelala."

"Hapana. Alianguka akienda kufunga."

"Alisikia?"

Inspekta aliwahi kudanganya katika kazi yake, mara nyingi, na watu waliostahili kudanganywa. Alimtazama fundi.

"Alisikia," alisema. "Alijaribu kuinuka."

Waya ulikatika kidoleni mwa fundi. Aliuangalia, akauweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha thamani.

"Wiki nzima nimekuwa nikiamka kwa ajili yake," alisema. "Nafungua macho, nakumbuka mke wangu hayupo, halafu nakumbuka yule mtu yupo, nainuka. Namtukana nikinawa uso. Namtukana nikinywa chai. Nilikuwa namjua mpaka sura, afande, na sijawahi kumwona. Sasa unaniambia ni mtu anayetoa damu yake." Kisha akasema bila hasira yoyote, na kukosa hasira huko ndiko kulikokuwa kugumu kusikiliza: "Afadhali mngeniachia yule teja."

Inspekta alibaki pale kwenye ndoo, mikono magotini, mpaka fundi mwenyewe alipomwambia kwamba mvua imekatika, anaweza kwenda.